Vipande Nane vya Hariri: mwongozo kamili wa kuanza mazoezi ya Kichina utakayoweza kuyafanya hadi uzeeni

Mara ya kwanza kuyaona mazoezi haya kwa macho yangu ilikuwa Guangzhou, nilipokwenda kufuata mzigo. Wafanyabiashara wa Kariakoo na wa Eastleigh wanaujua mtaa wa Xiaobei. Si mbali na hapo kuna msikiti wenye kaburi ambalo Waislamu wa China hulinasibisha na Sahaba Saad bin Abi Waqqas, na jirani yake iko bustani kubwa ya Yuexiu. Nikitoka kuswali alfajiri nilipenda kupita bustanini kunyoosha miguu. Saa kumi na mbili asubuhi wazee wameshajipanga chini ya miti, wamesimama wima, mikono inapanda na kushuka kwa pamoja, na hakuna anayehema. Mwendo wao ulikuwa mzuri kuutazama, lakini kilichonishika kilikuja walipomaliza: bibi mmoja, ambaye nilimkadiria miaka themanini, aliinama akaokota mfuko wake chini bila kushika goti na bila kuguna. Wakati huo mama yangu alikuwa na miaka sitini na mbili, na kuinuka mkekani hakuwezi mpaka ashikwe mkono.

Nilirudi kesho yake nikasimama nyuma ya kundi. Lugha hatukuelewana. Yule bibi alinifundisha kwa kunigusa bega na kurudia neno moja, fangsong, yaani legeza. Tangu hapo nimeendelea, na mama nimemfundisha. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningependa kuambiwa siku ile ya kwanza.

Kwa nini uanze na Baduanjin, yaani Vipande Nane vya Hariri

Kwetu mtu akisikia mazoezi ya Kichina hukumbuka filamu za kwenye vibanda vya video: mateke, kuruka ukuta, mtu mmoja anapiga ishirini. Mapigano yapo kweli na yana heshima yake. Lakini sambamba nayo kuna mazoezi ambayo Wachina huyaweka chini ya jina yangsheng, kulea uhai, na walimu wengi wa zamani walifundisha yote mawili. Mpiganaji aliyemaliza magoti yake akiwa na miaka thelathini atajilinda kwa kitu gani akifika sitini?

Mazoezi hayo ni ya kale mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Changsha mkoani Hunan, yalifukuliwa makaburi ya Mawangdui. Ndani ya kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo kulikutwa kitambaa cha hariri chenye michoro ya watu 44, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, kila mmoja na zoezi lake: huyu ananyoosha mikono, yule anainama, mwingine ameshika fimbo. Ukiitazama michoro ile leo unaweza kusimama ukawaiga.

Katika hazina hiyo yote mimi nampeleka anayeanza kwenye Baduanjin, yaani Vipande Nane vya Hariri ya Nakshi. Jina hilo limeandikwa tangu zama za utawala wa Song, katika karne ya 12. Kila kipande kina mstari wake wa shairi, na mistari yote minane ina silabi saba sawasawa. Wa kwanza, wa pili, wa nne, wa sita na wa nane inaishia kwa sauti ile ile ya "ao". Msomaji wa Kiswahili ataelewa mara moja kwa nini: chenye mizani na vina hakisahauliki. Watu wasiojua kusoma waliyabeba mazoezi haya kichwani, mama akampa mtoto.

Sababu zangu nyingine ni za kawaida kabisa. Unasimama mahali pamoja, kwa hiyo nafasi ya mkeka mmoja inatosha. Miondoko ni minane tu. Mpangilio uliosanifiwa na mamlaka ya michezo ya China mwaka 2003 huchukua kama dakika 12. Na taijiquan (tai chi), sanaa nyingine ya Kichina ya mwendo wa taratibu ambayo wengi huikimbilia, ina kazi ya kukumbuka hatua na pande. Nimewaona watu wakiiacha wiki ya tatu kwa sababu kichwa kimejaa kabla miguu haijapata nguvu.

Yanafaa nini hasa

Utafiti mkubwa wa hospitali umefanywa zaidi juu ya taijiquan, lakini kazi ya mwili ni ya jamii moja na Baduanjin: magoti yaliyolegezwa kidogo, mgongo wima, mwendo wa taratibu, macho na pumzi vikifuata mikono. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Oregon, Marekani, juu ya wazee 670 wenye miaka 70 na zaidi waliokuwa katika hatari ya kuanguka. Waliofanya taijiquan mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24, walianguka kwa asilimia 58 pungufu kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Anayemuuguza mzee aliyevunjika nyonga hahitaji kuelezwa uzito wa namba hiyo. Mwaka 2024 utafiti mwingine wa China, wa watu 342 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja namba ya juu ya presha ilishuka kwa karibu vipimo 7 kwa waliofanya taijiquan, na karibu vipimo 5 kwa waliofanya mazoezi ya kawaida ya kuchangamsha moyo kama kukimbia na baiskeli. Hao walifanya saa moja, mara nne kwa wiki. Kwa hiyo usitarajie dakika kumi za Jumamosi zikutibu presha, na dawa ulizoandikiwa usiziguse bila daktari.

Wachina huyaeleza manufaa haya kwa neno qi, nguvu ya uhai inayopita mwilini. Mimi nalichukua neno hilo kama ramani ya mwalimu: akikuambia "shusha qi tumboni", mabega yanashuka, pumzi inatulia, uzito unakwenda miguuni, na hayo matatu ndiyo anayoyataka.

Wasomaji wengine watauliza kama kuna ibada ndani yake. Katika Baduanjin hakuna anayeabudiwa wala maneno ya kutamka. Wahui, Waislamu wa China, wana historia ndefu na sanaa hizi. Wang Ziping, aliyezaliwa Cangzhou mwaka 1881 na kufariki mwaka 1973, alikuwa Mwislamu, mpiganaji mashuhuri na mtibabu wa mifupa, naye aliacha mfululizo wa mazoezi ishirini ya kukinga maradhi na kurefusha umri.

Kabla hujaanza

Ukiwa na ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, presha ya macho, mifupa iliyopungua uzito, kizunguzungu cha mara kwa mara, au umefanyiwa upasuaji karibuni, zungumza kwanza na daktari na umwonyeshe hasa kipande cha tano na cha sita, maana huko kichwa huinama. Mjamzito aviache vyote viwili. Kifua kikibana, pumzi ikikatika au macho yakiona giza, kaa chini, na kifua kisipoachia tafuta hospitali siku hiyo hiyo.

Vaa nguo isiyobana nyonga. Wanawake wa pwani wanaweza kufanya na dera, ila vaa suruali nyepesi ndani na lipandishe dera kidogo ili uyaone magoti yako, kwa kuwa magoti ndiyo utakayoyakagua kila mara. Viatu viwe vya soli bapa na nyembamba, au miguu mitupu kwenye sakafu isiyoteleza. Raba zenye visigino vinene zinakusukuma mbele. Tumbo lisijae: ngoja saa moja na nusu baada ya mlo mzito. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, alfajiri ndiyo saa yake. Wa bara wenye baridi waanze kwa kutembea dakika tano.

Hatua ya kwanza: jifunze kusimama

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo mazoezi yote yalipo, na ndipo karibu kila mtu anaporuka.

Simama miguu ikiwa upana wa mabega, nyayo zikitazama mbele sambamba. Wengi nyayo zao hutazama nje kama za bata bila wao kujua, basi tazama chini uhakikishe. Legeza magoti mpaka yasiwe yamefungwa, kama mtu aliyeanza kukaa kitini kisha akaitwa jina lake. Goti lielekee kidole cha pili cha mguu. Lisiingie ndani wala lisipite ncha za vidole. Acha kitokono kining'inie chini, ule mbinuko wa kiuno upungue. Utosi uwe juu kana kwamba umebeba ndoo ya maji kichwani. Kwa hili mama yangu alimshinda yule bibi wa Yuexiu siku ya kwanza, maana shingo iliyobeba maji tangu utotoni haihitaji kufundishwa. Kidevu kiingie ndani kidogo. Mabega yaanguke.

Sasa inua mikono mbele ya tumbo au kifua kana kwamba umekumbatia mtungi mkubwa, viganja vikikutazama, viwiko vikiwa chini kuliko mabega. Macho mbele, mdomo umefungwa bila kukaza meno. Kaa hivyo.

Wachina huita zoezi hili zhan zhuang, kusimama kama nguzo. Wang Xiangzhai, mwalimu wa karne ya 20 aliyeanzisha mtindo wa Yiquan, alilifanya kiini cha mafunzo yake na kuwafundisha pia watu waliolitaka kwa ajili ya afya tu. Linaonekana si kitu. Dakika ya kwanza utashangaa kwa nini linasifiwa, dakika ya pili mabega yataanza kuwaka, ya tatu mapaja yatatetemeka. Kutetemeka kidogo ni sawa, ni misuli isiyozoea kazi. Maumivu ndani ya goti si sawa: yakija, inuka juu zaidi au ukae.

Anza na dakika mbili kwa siku. Ongeza dakika moja kila wiki hadi ufike kumi. Wakati umesimama, pita mwilini kutoka juu kwenda chini ukilegeza: paji la uso, taya, mabega, kifua, tumbo, kisha sikiliza uzito kwenye nyayo. Uwe katikati ya unyayo, si wote kisiginoni wala wote vidoleni. Hilo la mwisho linachukua miezi, na ndilo linalomlinda mzee siku anapokanyaga jiwe barabarani.

Nataka uyaheshimu magoti, kwa hiyo nieleze lililonipata. Mwezi wa tatu niliona vijana wa wushu, sanaa ya mapigano ya Kichina, wakikaa chini mapaja yakiwa sambamba na ardhi, nami nikaiga kila asubuhi bila mwalimu, magoti yakiingia ndani. Baada ya wiki mbili goti la kulia lilivimba na ngazi zikawa mateso. Nilipumzika karibu miezi miwili. Nikaanza upya juu kabisa, karibu wima, na nimebaki hapo kwa muda mrefu. Kwa afya, msimamo wa juu uliopangika sawasawa unafaa kuliko wa chini uliopinda.

Hatua ya pili: pumzi

Puani, taratibu, tumbo likijaa na kupungua lenyewe. Mikono ikipanda au kufunguka, vuta. Ikishuka au kufunga, toa. Wapo wanaofundisha kubana pumzi kileleni. Mwenye presha asibane kabisa, na anayeanza hana haja. Ukijikuta umechanganyikiwa lini uvute lini utoe, iache pumzi ijiendee na ushughulike na mikono. Itajipanga yenyewe baada ya wiki chache.

Hatua ya tatu: vipande vyenyewe

Usijifunze vyote siku moja. Kimoja kwa wiki kinatosha, na kila siku urudie ulivyokwisha kuvijua kabla ya kipya.

Cha kwanza, kuinua mbingu kwa mikono miwili. Fumanisha vidole chini ya kitovu, viganja juu. Pandisha hadi kifuani, geuza viganja vitazame nje, kisha visukume hadi juu ya kichwa, macho yakivifuata. Mikono ikifika juu rudisha uso mbele na unyooke kwa pumzi moja, visigino vikibaki chini. Achanisha vidole, mikono ishuke pembeni kama mbawa, magoti yalegee. Mara sita. Mgongo uliokunjamana dukani kutwa utakushukuru kwa hiki kabla ya vingine vyote.

Cha pili, kuvuta upinde kumlenga tai. Panua mguu wa kushoto hadi miguu iwe karibu mara mbili ya mabega. Kutanisha mikono kifuani kwa kuipishanisha vifundo. Mkono wa kushoto ukunje vidole vitatu vya mwisho, kidole cha shahada na gumba vibaki vimesimama na kuachana. Mkono wa kulia ukunje vidole kana kwamba vimeshika uzi wa upinde. Shuka kidogo, kama mpanda farasi, huku kushoto kukisukuma pembeni na kulia kukivuta hadi mbele ya bega la kulia. Tazama mbali kupita kidole cha shahada, kweli kweli, mpaka uone jani la mti wa mbali. Fungua mkono wa kulia, ushushe, rudisha mguu, geukia upande wa pili. Mara tatu kila upande.

Kipande hiki nakipenda kuliko vyote. Kifua kinafunguka upande mmoja na mabega ya nyuma yanabana, jambo ambalo anayeandika kwenye simu au kushona cherehani halifanyi kamwe kwa siku nzima. Macho nayo yanatoka karibu kwenda mbali. Makosa yake ni mawili: kuinua bega la mkono unaovuta, na kuegemea upande unaolenga. Uti wa mgongo ubaki katikati ya miguu. Mwombe mtu asimame mbele yako akuambie kama pua yako iko juu ya kitovu.

Cha tatu, kuinua mkono mmoja. Kiganja kimoja kinasukuma juu, kingine kinasukuma chini pembeni mwa nyonga, kwa wakati mmoja. Wachina hukihusisha na tumbo na usagaji wa chakula. Mara tatu kila upande.

Cha nne, kutazama nyuma. Mikono imening'inia pembeni. Izungushe kutoka mabegani hadi viganja vitazame nje, kifua kikifunguka, huku kichwa kikigeuka kutazama nyuma ya bega. Kiwiliwili hakigeuki. Shairi lake hutaja uchovu wa aina tano na majeraha ya aina saba, na mwenye shingo iliyokaza kwa simu atayajua yote kumi na mawili. Geuza polepole, simama panapokataa, usilazimishe. Mara tatu kila upande.

Cha tano, kutikisa kichwa na kupunga mkia, ndicho kigumu. Simama miguu imepanuka, viganja juu ya mapaja bila kuegemea kwa nguvu. Hamishia uzito kulia, inamisha kiwiliwili upande huo, kisha kizungushe mbele na chini kuelekea kushoto, halafu kichwa na kitokono vichore duara kinyume cha vyenyewe hadi urudi wima katikati. Shairi linasema huondoa moto wa moyo, maana yake wahaka na kukosa usingizi. Kwa miezi mitatu ya kwanza mimi humwambia mtu afanye nusu yake tu: ahamishe uzito kulia na kushoto, mgongo ukiwa umenyooka, bila kuinama wala kuzungusha kichwa. Mwenye kizunguzungu abaki na nusu hiyo siku zote. Bado atapata nguvu ya mapaja na nyonga. Mara tatu kila upande.

Cha sita, mikono kushika miguu. Inua mikono mbele hadi juu, ishushe mbele ya kifua, ipitishe chini ya makwapa hadi mgongoni, kisha viganja visugue kushuka kiunoni, makalioni, nyuma ya mapaja, hadi vifundoni na juu ya nyayo. Wakati wa kurudi mikono itangulie kwenda mbele na juu, nayo ivute mgongo. Usiinuke kwa kukwanyua kiuno. Mara sita. Magoti yanyooke kadiri ya uwezo. Ukihisi mvuto mkali nyuma ya paja, yakunje kidogo. Mwenye presha au mifupa dhaifu aishie magotini, kichwa kikibaki juu ya kiuno.

Cha saba, kukaza ngumi na kutoa macho. Msimamo wa mpanda farasi, ngumi kiunoni, gumba likiwa ndani ya ngumi. Sukuma ngumi ya kushoto mbele taratibu hadi usawa wa bega, macho yamefunguka wazi yakiitazama. Fungua kiganja, zungusha kifundo cha mkono, kamata hewa kana kwamba umekamata mkono wa mtu, rudisha kiunoni. Hapa ndipo asili ya mapigano inapojitokeza wazi, na watu wapole hucheka mara ya kwanza. Lakini nguvu ya kushika ndiyo inayofungua kifuniko cha chupa na kubeba mfuko wa sokoni, na huondoka mapema. Vidole vya miguu vishike ardhi wakati ngumi inakwenda. Mara tatu kila upande.

Cha nane, kuinuka kwa visigino mara saba. Miguu pamoja, inuka juu ya vidole, utosi juu, hesabu mbili, shuka polepole hadi karibu na sakafu, kisha acha visigino viguse chini kwa mtikisiko mwepesi. Mashavu ya miguu yanapobana hupandisha damu kurudi juu, nayo ni nafuu kwa anayesimama kutwa kaunta. Mwenye goti au mgongo mbovu ashuke bila mtikisiko wowote. Mzee ashike mwimo wa mlango.

Ukimaliza, weka viganja juu ya tumbo, kimoja juu ya kingine, pumua mara tisa, kisha tembea kidogo. Usikimbilie simu.

Miezi yako ya kwanza

Wiki mbili za mwanzo ni kusimama tu, pamoja na kipande cha kwanza na cha nane. Kuanzia wiki ya tatu ongeza kimoja kimoja kwa utaratibu, na mwezi wa pili ukiisha utakuwa na vyote, vikiwa vibovu vibovu. Hiyo si hasara. Mwezi wa tatu hadi wa sita fanya mfululizo mzima mara moja kwa siku, siku tano kwa wiki, na kila wiki chagua kosa moja la kurekebisha: wiki hii nyayo, ijayo mabega. Anayejirekebisha kila kitu kwa pamoja hukaza mwili wote. Ukizoea, fanya mara mbili mfululizo, utapata karibu nusu saa.

Hesabu pia kwamba Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na wazee waongeze mazoezi ya kutunza usawa wa mwili siku tatu au zaidi. Baduanjin inasaidia sana kwenye hilo la usawa, lakini kutembea kwa mwendo wa haraka usikuache.

Ukikosa siku tatu kwa safari au homa, usifidie kwa kufanya mara tatu. Rudi na kusimama dakika mbili. Mwezi wa Ramadhani mimi hufanya saa moja kabla ya futari, msimamo wa juu, bila cha tano.

Kwa mzee asiyeweza kusimama muda mrefu

Kiti kigumu kisicho na magurudumu, akae nusu ya mbele, nyayo zote chini. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne na cha saba vyote hufanyika akiwa amekaa. Cha nane anainua visigino akiwa hapo hapo kitini. Halafu ongeza moja lisilo la Baduanjin: kuinuka kitini bila mikono na kukaa tena taratibu, mara tano, wewe ukiwa karibu. Mama alianza hivi. Ilichukua kama miezi minne kabla hajaacha kunyoosha mkono ashikwe anapoinuka mkekani. Mfundishe mzee kwa kufanya naye bega kwa bega. Ukisimama mbele yake unatoa amri utamwudhi, na haki atakuwa nayo.

Kumpata mwalimu

Video zinatosha kukumbusha, hazitoshi kurekebisha. Taasisi za Konfusio zilizo katika baadhi ya vyuo vikuu vyetu, kama vile vya Dar es Salaam, Dodoma na Nairobi, ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia madarasa. Mwalimu mzuri utamjua haraka: anauliza maradhi yako kabla ya kuanza, anatazama magoti yako kuliko mikono, na wanafunzi wake wa muda mrefu wanatembea vizuri. Ondoka kwa anayekuambia uache dawa, anayedai kumwangusha mtu bila kumgusa, anayekusukuma chini kwenye msimamo, au anayeuza vyeo na siri kwa bei inayopanda kila mwezi.

Baada ya mwaka mmoja

Miguu ikishakomaa, taijiquan itakupokea vizuri. Asili yake inayokubalika zaidi ni kijiji cha Chenjiagou, wilaya ya Wen mkoani Henan, kwenye ukoo wa Chen katika karne ya 17. Yang Luchan alijifunza huko karne ya 19, na kutoka kwake ukatoka mtindo wa Yang wenye mwendo mpana na laini. Mwaka 1956 China ilitoa mfululizo mfupi wa miondoko 24 uliotokana na mtindo huo, wa kama dakika tano au sita, na huo ndio utakaoukuta karibu kila bustani. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza taijiquan kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Anza na miondoko 24. Mtindo wa Chen una kukanyaga kwa nguvu na milipuko ya ghafla. Subiri, na uende kwa mwalimu wa kweli.

Kinachoongezeka hapo ni hatua. Jifunze hatua peke yake kwanza, mikono ikiwa kiunoni: hamishia uzito wote mguu wa kulia, inua wa kushoto ukiwa mtupu, weka kisigino mbele bila kukipa uzito hata kidogo, halafu ndipo mwili uhame. Ukiweza kuurudisha mguu ule nyuma wakati wowote bila kuyumba, hatua iko sawa. Fanya varandani, mara kumi kwenda na kumi kurudi, kabla hujaanza kushughulika na mikono.